Kuna Nini Ndani?

Neno chanjo lina wembe ndani yake. Kuchanja ni kukata: tunachanja kuni, tunachanja chale. Kwetu Kilosa ukikaa na wazee jioni, wapo watakaokuonyesha alama ndogo za wembe kifuani au kiunoni, na wanaikumbuka dawa iliyosuguliwa pale damu ikiwa bado mbichi. Aliyechanjwa hakuwa na shida na wembe. Alitaka kujua habari ya ile dawa: imetoka mti gani, nani kaichimba, na ikishaingia mwilini itafanya nini. Kwa hiyo serikali inapotangaza chanjo, na mtu wa kwetu akauliza "mnatuwekea nini?", hajauliza swali la kijinga. Kauliza swali ambalo neno lenyewe linalibeba.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi. Nimekaa kwenye semina nyingi za afya, zile za chai ya saa nne na bahasha ya nauli, na humo swali hili lina jina lake: "uelewa mdogo wa jamii." Linapangwa kwenye orodha ya changamoto, chini ya ubovu wa barabara. Halafu linajibiwa kwa kaulimbiu: chanjo ni salama. Sawa, ni salama. Lakini aliyeuliza kuna nini ndani bado hajajibiwa.

Mimi ilibidi nilijibu mwezi Aprili 2024, na si kwa ajili ya gazeti.

Mwezi huo Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kabla ya hapo, tangu 2018, walengwa walikuwa wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mdogo wangu wa kike anaishi Mikumi. Anauza chai na maandazi karibu na stendi, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanapopumua baada ya kuvuka hifadhi. Binti yake alikuwa na miaka kumi. Shuleni walitajiwa siku ambayo wahudumu wa afya watakuja. Sokoni mama yake akaambiwa mengine: eti sindano ile inafunga kizazi, eti mbona wavulana hawachomwi, eti jana dozi zilikuwa mbili leo moja, si wanatujaribu hawa?

Akanipigia simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Kaka, mtoto wanataka kumchanja. Baba yake kasema niamue mimi. Na mimi nasema wewe ndiye mjomba."

Kwa wasiotujua: sisi Wasagara, kama jirani zetu Wakaguru na Waluguru, ukoo tunaufuata kwa mama. Mtoto wa dada ni wa ukoo wangu kuliko hata niliowazaa mwenyewe. Siku hizi tumetawanyika mijini na fomu zote tunajaza jina la baba, lakini likitokea jambo zito la mtoto, simu inamtafuta mjomba. Na mjomba akisema ndiyo, kisha mambo yakaharibika, jina litakalotajwa miaka yote ni la kwake.

Palikuwa na jambo la pili, ambalo wote wawili tulilijua na hakuna aliyelitaja kwenye simu. Mama mkubwa, dada wa mama yetu, aliondoka kwa ugonjwa huo huo. Alianza kutokwa damu wakati hedhi alishakoma, akanyamaza, maana damu ya huko si ya kusimulia hata kwa mdogo wako. Alipofikishwa Dar es Salaam, Ocean Road, ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Nilikuwa chuo kikuu wakati huo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji. Nawakumbuka wale wanawake kwenye mabenchi, kila mmoja na bahasha yake ya kaki ya majibu ya vipimo mapajani, na lafudhi za mikoa yote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanahesabu wagonjwa wapya wa saratani hii Tanzania kuwa zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,500. Yaani wanawake wasiopungua 17 kila siku. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii.

Nikamwambia: usikubali, usikatae. Jumamosi nakuja.

Ilikuwa masika. Nilipita Kilosa kwanza kumwamkia mama, kisha nikachukua gari la Mikumi kwa njia ya Ulaya. Ndiyo, tunayo Ulaya yetu, kijiji kilichopo kati ya Kilosa na Mikumi. Ndani ya gari walikuwa wakiizungumza chanjo hiyo hiyo. Mama mmoja akasema zile dawa zimetoka Ulaya. Mzee wa siti ya nyuma akauliza, "Ulaya ipi, hii ya kwetu?" Gari zima likaangua kicheko. Lakini mzee alikuwa na hoja yake. Kinachotoka kwa jirani unajua kilivyopikwa. Kinachotoka mbali unaletewa kimeshafungwa.

Usiku ule Mikumi, mtoto alipolala, mdogo wangu akakanda unga wa maandazi ya kesho huku tunaongea. Hakuzunguka.

"Haya, kuna nini ndani?"

"Ganda tupu," nikamwambia.

Akanitazama kama nimemtania. Ikabidi nianze mwanzo.

Kirusi cha HPV hakina mambo mengi. Kwa nje ni ganda la protini, kwa ndani ni uzi wa DNA wenye herufi kama 8,000. Ubaya wote uko kwenye uzi. Humo zimo jeni mbili zinazoitwa E6 na E7. Zikiingia kwenye seli ya mlango wa kizazi na kukaa humo miaka, zinawalemaza walinzi wanaoizuia seli isizaliane ovyo. Saratani inaanzia hapo. Ganda lenyewe halina dhambi hiyo, kazi yake ni kubeba tu. Ila ndilo ambalo mwili unaliona kwanza.

Chanjo nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kukuza kirusi, kisha kukiua au kukidhoofisha. HPV haikuingia kwenye njia hiyo. Inakamilika ndani ya ngozi inayokomaa, na maabara hazikuweza kuikuza kwa wingi. Hata kama zingeweza, nani angekubali mtoto wake achomwe sindano yenye jeni za saratani, eti zimeshauawa? Mwanasayansi wa Kijerumani, Harald zur Hausen, aliitambua HPV aina ya 16 kwenye uvimbe wa saratani hii mwaka 1983. Miaka mingi ikapita, mhusika anajulikana, chanjo hakuna.

Mlango ulifunguka mwaka 1991 huko Brisbane, Australia. Jian Zhou, aliyetoka China, na Ian Frazer, Mskoti aliyehamia Australia, walichukua jeni za protini za ganda peke yake, bila zile za ubaya, wakaziingiza kwenye seli ili seli zitengeneze protini hizo. Walipotazama kwa hadubini ya elektroni, wakakuta protini zimejipanga zenyewe kuwa mipira. Hakuna aliyezipanga. Muda si mrefu watafiti wengine, wakiwemo John Schiller na Douglas Lowy wa Marekani, wakaonyesha kwamba protini moja tu, L1, inatosha. Zinashikana tano tano kama petali za ua. Maua 72 yanashikana kuwa mpira mmoja. Jumla protini 360, upana wa mpira kama nanomita 55. Kwenye upana wa unywele wako mmoja, mipira hiyo ingejipanga zaidi ya elfu moja. Kwa nje ni kirusi kamili. Kwa ndani hamna kitu.

Zhou alifariki mwaka 1999. Gardasil, chanjo ya kwanza ya HPV, ilipata kibali mwaka 2006. Hakuuona mpira wake ukiingia kwenye mkono wa mtoto.

"Zinajipangaje bila mtu?" mdogo wangu akauliza. "Mimi hata donge la unga halijiviringi."

Nikamwonyesha sufuria ya mchuzi iliyobaki. Matone ya mafuta juu yake yalikuwa yameshaanza kutafutana, mawili yanakuwa moja. Si kwamba yanapendana. Yanayakimbia maji. Protini nayo ina sehemu zinazoyakimbia maji na sehemu zenye chaji za umeme, na kila moja ina umbo lake la kipekee. Ndani ya maji, joto linazisukuma huku na huku na zinagongana bila kukoma. Zikigongana upande usiofaa, zinaachana. Zikigongana upande unaofaa, zinashikana. Fanya hivyo mara nyingi mno na mpira unajifunga wenyewe. Aaron Klug, aliyekulia Durban, Afrika Kusini, na mwenzake Donald Caspar walieleza mwaka 1962 kanuni za namna vipande vinavyofanana vinavyoweza kufunga ganda la kirusi. Wahandisi wa leo wanatumia kanuni hizo kama fundi anavyotumia futi kamba.

"Na hizo seli zinazotengeneza ni za nini? Za mtu?"

"Nyingine ni hamira."

Mikono yake ikasimama kwenye beseni. "Hamira ipi?"

"Hii hii."

Sikuwa namchekesha. Gardasil hutengenezwa kwa hamira ya jamii ile ile inayoumua mkate na maandazi, iliyopewa jeni ya L1. Cervarix hutengenezwa kwa seli za mdudu, aina ya nondo. Wapo pia wanaotumia bakteria. Protini ikishavunwa inasafishwa, na kwa Gardasil mipira hutenganishwa kisha ikaachwa ijipange upya ili iwe imara zaidi. Mdogo wangu akalitazama beseni lake.

"Yaani hamira yangu ingeweza?"

"Yako haijapewa somo hilo."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote: "Sasa kama ni tupu, inasaidia nini?"

Utupu ndio unaoifanya iwe salama, na umbo ndilo linaloifanya ifanye kazi. Mwili hausomi kilicho ndani, unasoma nje. Ukikutana na kitu chenye alama ile ile iliyopangwa kwa ustadi mara 360, unajua hiki si takataka ya kawaida, hiki ni kirusi, na unatengeneza kingamwili kwa wingi. Protini hizo hizo zikiharibiwa umbo, kinga haiji. Siku kirusi cha kweli kikifika, kingamwili zinakivaa kabla hakijaingia kwenye seli. Ganda la chanjo halina jeni, haliwezi kuzaliana, na mwili unalimeng'enya kama protini nyingine yoyote.

Hapo tukafika kwenye kizazi. Nikamwambia hakuna kitu ndani ya ganda lile cha kufunga kizazi. Kinachofunga kizazi ni ugonjwa wenyewe: wapo wanaotolewa kizazi ili wapone, wapo wanaopigwa mionzi. Hakujibu. Nadhani wote tulikuwa tunamwona mama mkubwa.

Kuhusu wavulana nikamjibu kwamba kuna nchi zinawachanja pia, Australia mojawapo, lakini mlango wa kizazi wanao wasichana, na dozi zikiwa za kuhesabu unaanza na aliye hatarini zaidi. Kuhusu dozi mbili kugeuka moja nilikuwa na jibu la karibu zaidi. Utafiti mkubwa wa jambo hilo ulifanyika Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, waliogawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu. Miezi 24 baadaye, zaidi ya 97 kati ya kila 100 waliopata dozi moja bado walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali ratiba ya dozi moja, na matokeo ya Mwanza yalikuwa sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo swali la yule mzee garini lina jibu. Ganda lilibuniwa mbali, lakini kwamba moja linatosha, wasichana wa Mwanza walisaidia kuifundisha dunia.

Na si Mwanza tu. Pale Mikumi ukiiacha barabara kuu ukakata kushoto, unashuka Kidatu hadi Ifakara, ilikozaliwa Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya tisini mwanzoni, kijiji cha Idete huko Kilombero, watoto walichanjwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66, ya Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia. Ilipunguza malaria kwa asilimia 31, majaribio ya Gambia na Thailand yakashindwa kuiona kinga hiyo, ikaachwa. Watu wa bonde hili wametoa mikono yao muda mrefu. Wana haki ya kuuliza walichowekewa.

Malaria ndiyo inayonifanya niamini kwamba habari ya magandatupu haitaishia kwenye HPV. Chanjo mbili za malaria zilizopo leo, RTS,S na R21, ni chembe zilizojipanga zenyewe vile vile. Msingi wake ni protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B, ambayo ikitengenezwa na chachu hujikusanya kuwa chembe ya nanomita kama 20. Wahandisi wameishonea kipande cha protini ya kimelea cha malaria, kikachomoza nje mwili ukione. Kwenye RTS,S, protini moja kati ya tano ndiyo imeshonewa kipande hicho. Kwenye R21 zimeshonewa zote. RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe miongoni mwa vituo 11 vya Afrika. R21 ilijaribiwa Bagamoyo pia, na Kilifi, Burkina Faso na Mali. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Kwa mtu aliyekulia Kilosa, kando ya mto Mkondoa unaofurika na kuacha madimbwi, hizo ni habari za nyumbani.

Lakini usiku ule mdogo wangu alinitangulia. Alifunika unga kwa kitambaa, akanawa mikono, akasema, "Kaka, kama lina nafasi ndani, si wangeweka dawa?"

Hilo ndilo swali la maabara kubwa za dunia sasa hivi, na aliyeliuliza ni mama muuza maandazi. Vizimba vya protini vyenye nafasi ndani tayari tunavyo mwilini. Kimoja kinaitwa feritini: protini 24 zilizojifunga kuwa mpira wa nanomita 12, wenye shimo la nanomita 8, na humo mwili unahifadhi hadi atomu 4,500 za chuma, kile kile ambacho mtu mwenye upungufu wa damu anapewa vidonge vyake. Ni ghala. Wahandisi wamejifunza kulifungua kwa kuongeza tindikali, kuweka dawa ya saratani badala ya chuma, kisha kuipunguza tindikali ghala lijifunge. Nia yao ni dawa ifike kwenye uvimbe bila kuunguza mwili mzima, jambo ambalo yeyote aliyekaa na mgonjwa wa saratani anajua thamani yake. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa bado iko maabara. Wengine hawangoji vizimba vya asili. Seattle, Marekani, kundi la David Baker na Neil King husanifu kwa kompyuta protini ambazo hazijawahi kuwepo, zikajipanga kuwa vizimba walivyovikusudia. Mwaka 2022 Korea Kusini iliidhinisha chanjo ya UVIKO-19 iliyojengwa juu ya kizimba cha namna hiyo, na Oktoba 2024 Baker akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Siwezi kusema kama maneno yangu ndiyo yaliyoamua. Asubuhi, mafuta yakiwa yameshika moto, alimwita binti yake akamwambia mbele yangu: "Mjomba anasema ndani ni tupu. Utauma mkono siku mbili. Ukichomwa ukae chini kidogo, usikimbie, wengine wanapata kizunguzungu." Ilikuwa taarifa sahihi na fupi kuliko nyingi nilizowahi kuandika. Mtoto akauliza kama atakosa somo la hesabu. Akaambiwa hakosi, akasikitika.

Alichanjwa wiki ile.

Mimi nilikuwa nimeshabeba begi, nangoja basi la Morogoro, mdogo wangu aliponiletea maandazi kwenye gazeti. Akasimama tu. Kisha akasema, akiangalia barabarani, "Na mimi je, kaka?"

Ana miaka 34, watoto watatu. Chanjo hii inakinga, haiponyi, na inafaa zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi. Kwa umri wake kilichopo ni uchunguzi: mhudumu anapaka tindikali ya siki, hafifu kama ile ya jikoni, kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyoanza kubadilika inageuka nyeupe. Ikionekana mapema inatibiwa kabla haijawa saratani. Ni dakika chache. Mama mkubwa hakuwahi kufanyiwa.

Nikamweleza yote hayo pale stendi, kwa sauti ya chini, kaka na dada, jambo ambalo kwetu halizungumzwi hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siki," akasema. "Haya. Jumanne sikaangi."